Paipu Nyembamba, Ndoo Haijai



Ukifika kwenye magofu ya Mkama Ndume hapa Pujini utaonyeshwa kisima. Husimuliwa kwamba wakeze wawili walikuwa hawapatani, basi mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwenziwe akishuka kwa ngazi, ili wasionane. Siku hizi ugomvi wa maji umehamia kwenye paipu.

Tuchukue mfano. Bwana mmoja ametandika paipu ya nusu inchi, mita 100, kutoka kwenye tangi mpaka nyumbani. Mfereji unatoa maji kama uzi. Akamshuku jirani aliyeunga paipu yake njiani, wakanuniana hata msibani hawasalimiani. Kumbe mwizi ni paipu yenyewe!

Kwa nini? Maji yakienda hujisugua kwenye ukuta wa paipu, na msuguano huo huyapunguza mwendo. Katika paipu nyembamba maji karibu yote yako jirani na ukuta. Katika paipu pana, yale ya katikati hupita kwa nafasi.

Sasa hesabu. Tundu la inchi 1 lina upana mara mbili ya la nusu inchi. Wengi tutasema litapitisha maji mara mbili. Sivyo! Nafasi ya tundu huongezeka kwa upana mara upana: 2 × 2 = 4. Na kwa kuwa msuguano nao umepungua, maji hufika kiasi cha mara 5 au 6, ikiwa tangi ni lile lile na njia ni ile ile. Tangi likiwa mita 5 juu ya mfereji, paipu ya nusu inchi ya mita 100 hujaza ndoo ya lita 20 kwa kama dakika 3. Ya inchi 1 haifiki dakika moja.

Urefu nao una yake: njia ikizidi mara nne, maji hupungua kiasi cha nusu. Ndiyo maana mimi sioni faida ya kubadilisha mita mbili za mwisho, jambo ambalo watu hulipenda kwa kuwa ni rahisi. Paipu nene iwe njia kuu, nyembamba ibaki karibu na koki. Wenzetu walioko Uingereza huzungusha maji ya moto nyumba nzima kuondoa baridi. Mara nyingi njia kuu huwa milimita 22, matawi 15. Njia kuu ikibanwa, chumba cha mwisho hubaki baridi.

Lakini paipu pana haileti maji yasiyokuwemo tangini, wala haiongezi nguvu yake koki ikifungwa. Nguvu hiyo hutokana na kimo: kila mita 10 za kwenda juu ni kama kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba.

ZOEZI

Chukua ndoo ya lita 20 na saa. Mwombe jirani afunge koki yake, kisha pima. Ikijaa kwa dakika 4, umepata 20 ÷ 4 = lita 5 kwa dakika. Afungue, upime tena. Kama koki yake ilipofungwa maji bado yalikuwa uzi, utamwambia nini jirani yako?