Bima ya malisho haihesabu mizoga

Huu ndio msimu wa mawakala wa bima ya mifugo kupita vijijini. Huiuza mara mbili kwa mwaka, Januari na Februari kabla ya masika, kisha Agosti na Septemba kabla ya vuli. Mvua ikishaanza, au ikishagoma, umechelewa.

Kila msimu naulizwa: "Ng'ombe wangu watatu wamekufa, mbona sijalipwa?" Hukulipwa kwa sababu bima hii haihesabu mizoga, inaangalia majani. Setilaiti hupima ukijani wa eneo lenu na kuulinganisha na wa miaka iliyopita. Ukishuka chini ya kiwango cha mkataba, kila aliyekata bima eneo hilo hulipwa, awe amefiwa na mnyama au la. Ng'ombe akifa kwa homa ya mapafu au akichukuliwa na wezi, hapo hakuna fidia.

Taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, iliijaribu kwanza Marsabit mwaka 2010. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ikaanza kuwalipia bima yote wafugaji maskini wa Turkana na Wajir, vipimo 5 vya mifugo kwa kaya. Ng'ombe mmoja ni kipimo kimoja, sawa na mbuzi au kondoo 10. Ukame wa 2016 ulipouma, kaya zaidi ya 12,000 zililipwa mapema 2017. Siku hizi, chini ya mradi wa DRIVE wa Benki ya Dunia, mfugaji huchangia na ruzuku hujazia. Wengi wananung'unika. Mimi naona afadhali hivyo, maana aliyetoa hela yake mfukoni huuliza maswali.

Na maswali yapo. Wa Garissa na Tana River, ulizeni kuhusu mathenge. Mti huu hubaki kijani hata nyasi zikiisha kabisa, na setilaiti haijui kwamba mbuzi hufuata maganda yake na kuyaacha majani. Kijani kisicholiwa nacho huhesabiwa. Kabla ya kulipa, mwambie wakala akuonyeshe mpaka wa eneo lenu la bima na misimu ambayo limewahi kulipwa. Akibabaika, ngoja. Asiyetaka bima ya kawaida kwa sababu ya riba aulizie takaful, yaani bima ya Kiislamu.

Malipo yakiingia, usiyaweke ukisubiri kununua mnyama mwingine mvua ikirudi. Yanakusudiwa kufika wakati mnyama uliye naye bado anasimama, yanunue nyasi, maji na dawa. Ila wauza nyasi nao wana masikio, na wakisikia mmelipwa bei ya robota itapaa. Jikusanyeni watu kumi au ishirini, mpatane na muuzaji mapema. Ng'ombe mkongwe asiyezaa mpeleke mnadani sasa, angali na nyama mgongoni. Marobota yawe ya wanaokamwa na wenye mimba, na mbuzi waachie vichaka.

Jambo la mwisho ni laini ya simu. Jina la M-Pesa lifanane na la kitambulisho ulichojiandikishia. Mzee anayetumia laini ya mwanawe aliye Nairobi asajili yake kabla ya kukata bima, malipo yasije yakaishia huko Eastleigh.