Kukataa, Kusita na Kupinga: Somo kutoka Beni na Butembo



Katika somo hili tunajifunza maneno matatu ya Kiingereza yanayopatikana sana katika ripoti za misaada. Ukiyasoma haraka yanafanana, lakini kila moja lina maana yake.

1. "Refusal" ni kukataa. Mtu ameombwa jambo, naye amesema hapana. Neno hili latuambia jibu lake, halituambii sababu.

2. "Reluctance" ni kusita. Mtu hajakubali wala hajakataa. Ana wasiwasi na anataka kuelezwa.

3. "Resistance" ni kupinga. Mtu anasimama ili kuzuia jambo, kwa maneno au kwa nguvu.

Tuchukue mfano wa Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Wakati ule, neno "resistance" lilitumiwa kwa watu wa namna nyingi: mama aliyeogopa chanjo, familia iliyotaka kumzika mzee wao kwa desturi, na hata walioshambulia vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo mwezi wa Februari 2019. Je, watu hao walikuwa sawa? Hapana.

Tukumbuke pia yaliyotangulia. Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni walikuwa wakiuawa, na wengi walijiuliza mbona msaada mkubwa umekuja kwa ugonjwa tu. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu. Rais mpya aliapishwa Januari, kabla wao hawajapiga kura. Kusita kwao kulikuwa na mizizi.

Basi, kila tendo lina jibu lake. Anayesita, tumsikilize na kumweleza. Anayekataa, tumuulize sababu kwa heshima. Anayepinga kwa nguvu, tulinde watu kwanza, kisha tutafute mazungumzo. Tukimwita mwenye kusita mpinzani, tutamletea askari badala ya maelezo, na kesho atakuwa mpinzani kweli.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
- Katika mtaa wenu, ni nani ameitwa mkaidi kumbe alikuwa na swali tu?
- Ni nani angeweza kumjibu, naye akaaminiwa?