Eliya alipewa mkate kwanza

Somo la familia: 1 Wafalme 19:1-18

Somo letu la mwezi huu linahusu mwili. Najua wengine watashangaa, maana tumezoea kufundishwa juu ya roho. Lakini watu wanaokuja kuniona jioni hawaanzi na mambo ya roho. Wanasema: Pasta, moyo unanidunda bila sababu. Pasta, usingizi umenikataa. Pasta, kijana wangu wa miaka 9 ameanza tena kukojoa kitandani. Na mwingine, akiangalia chini: Pasta, nimempiga mke wangu kwa ajili ya sufuria iliyoanguka.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mama mmoja wa kusanyiko letu alinijia akaeleza kwamba kila pikipiki ikipita usiku anaamka akitetemeka, anawaamsha watoto na kuwalaza sakafuni, kama walivyofanya kule Kivu risasi zilipolia. Nilimwambia hiyo ni roho ya hofu, akafunge siku 3, bila chakula wala maji. Alitii. Siku ya tatu alianguka kwenye foleni ya maji. Mke wangu ndiye aliyekwenda kumchukua, akampa maji kidogo kidogo, akampikia uji wa mtama, usiku ule akalala naye kwenye mkeka mmoja. Asubuhi yule mama alisema hajapata kulala mpaka jua litoke tangu avuke mpaka.

Mke wangu hakunigombeza. Alinifungulia Biblia tu, akaniuliza: "Baba, malaika alimwambia Eliya afunge?"

Sura ile niliisoma chuoni, hata niliandika insha juu ya mlima Horebu. Kumbe nilikuwa nimeruka aya ya 5 hadi ya 8.

Tuzisome sasa. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli. Amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Kisha Yezebeli anatuma habari kwamba atamwua, na mtu huyu aliyesimama mbele ya manabii 450 wa Baali anakimbia kuokoa maisha yake. Anafika Beer-sheba, ambayo ni ya Yuda, ufalme mwingine. Tuseme wazi: amevuka mpaka. Anamwacha mtumishi wake, anatembea peke yake siku nzima jangwani, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Halafu analala.

Angalieni Mungu anafanya nini. Hamkemei, wala hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Malaika anamgusa, anamwonyesha mkate na maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamgusa tena, anamlisha tena, kwa sababu safari iliyobaki ni ndefu kuliko nguvu zake. Wapo watakaoniambia kwamba baada ya hapo alikwenda siku 40 bila chakula kingine. Ni kweli, ila alikuwa amekwisha kula mara mbili na kulala mara mbili.

Mlinzi aliye ndani ya mwili

Mungu alipotuumba alituwekea mlinzi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, kiasi cha harage kubwa, ambayo kazi yake ni kusikiliza hatari. Ikisikia, haingoji tufikiri. Inapeleka habari kwa mishipa ya fahamu, na tezi mbili zilizo juu ya figo zinamwaga dawa ya mwili iitwayo adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakwenda kwenye miguu na mikono ili tukimbie au tupigane. Tumbo linasimamisha kazi yake, mdomo unakauka. Wengine wanaganda, hawawezi hata kupiga kelele. Huyo mlinzi ndiye aliyetutoa wengi wetu katika vijiji vyetu tukiwa hai. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake.

Shida ni kwamba mlinzi aliyeona mengi hasinzii tena. Tumefika, hakuna anayetufukuza, lakini yeye bado amesimama mlangoni na panga. Mvua ikipiga mabati, anadhani ni risasi. Mtu akigonga mlango usiku, anadhani ni wale. Hapo mtu anasema nina wazimu, au nimerogwa. Hapana. Ni mwili unaokumbuka. Sikatai kwamba mapepo yapo, nimeyaona katika huduma. Lakini kumwekea mtu aliyeshtuka mikono kichwani na kupiga kelele masikioni mwake ni kumwamsha yule mlinzi zaidi.

Mungu aliweka na breki pia. Upande mmoja wa mishipa ya fahamu unakanyaga mafuta, upande wa pili unashika breki. Mshipa mkubwa wa breki unaitwa vagasi. Unatoka chini ya ubongo, unashuka shingoni, unafika kwenye moyo, mapafu na tumbo. Mwaka 1921 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Graz huko Austria, Otto Loewi, alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliusisimua mshipa huo kwenye moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule akayatia kwenye wa pili, nao ukapunguza mwendo ingawa haukuguswa. Hivyo ikajulikana kwamba mshipa huo unatoa kitu cha kuutuliza moyo. Yeye mwenyewe alieleza kwamba wazo la jaribio hilo lilimjia usiku katika usingizi. Aliliandika, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake, na usiku uliofuata likamrudia. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Miaka miwili baadaye Wanazi waliingia Austria, wakamfunga kwa kuwa alikuwa Myahudi, wakamnyang'anya fedha za tuzo, naye akakimbia nchi. Aliyetufundisha breki za moyo alikufa mkimbizi wa zamani huko New York, mwaka 1961.

Kushika breki

Moyo unakwenda haraka kidogo tunapovuta pumzi, na polepole tunapoitoa. Kwa hiyo breki iko kwenye kutoa. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu mpaka 3, itoe taratibu ukihesabu mpaka 6, kama unayepoza uji wa moto. Fanya hivyo dakika 5. Usifumbe macho kama ukifumba unaona mambo ya kule. Angalia mlango, angalia ukuta, taja kwa sauti vitu vilivyomo: jerikani, mkeka, viatu vya mtoto. Unamwonyesha mlinzi kwamba leo si siku ile. Maji baridi usoni nayo yanapunguza mwendo wa moyo.

Kuimba kunasaidia kwa njia hiyo hiyo, maana anayeimba wimbo wa polepole anatoa pumzi ndefu bila kuhesabu. Bibi zetu walioimba wakitwanga hawakusoma mambo haya.

Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya kazi iliyofanyika Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, kwa wanawake karibu 700 wa Sudan Kusini. Nusu walikaa katika vikundi mara 5, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa juu ya kutulia wakati wa dhiki. Nusu nyingine walipewa maelezo mafupi tu. Miezi 3 baadaye wale wa vikundi walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Hawakuhamishwa kambini, wala shida zao za chakula hazikwisha.

Kwa watoto nitasema maneno machache, ila myashike. Mtoto hawezi kushika breki peke yake, anaazima ya mzazi. Anayekojoa kitandani akichapwa, mlinzi wake anazidi kukesha. Mbadilishie nguo, mshike kifuani, pumua wewe kwanza. Yeye atakufuata.

Na ninyi akina baba. Kushtuka sufuria ikianguka si dhambi. Kumpiga mke ni dhambi, na mlinzi asiwe kisingizio. Ukisikia mikono inakuwa ya moto, toka nje, tembea mpaka bombani na kurudi, ndipo mzungumze.

Rudini sasa kwa Eliya, kule pangoni. Ni baada ya kula, kulala na kutembea ndipo Mungu anamuuliza anafanya nini hapo. Eliya analalamika. Upepo unapita, tetemeko, moto, kisha sauti ndogo. Anaulizwa tena, naye anarudia malalamiko yale yale (aya ya 10 na ya 14). Mungu anamsikiliza mara zote mbili. Sisi wachungaji mtu akirudia habari zake tunaangalia saa. Mwisho anaambiwa kwamba wapo 7,000 walio kama yeye, na anapewa Elisha wa kutembea naye. Mtu aliyemwacha mtumishi wake Beer-sheba hakuachwa aendelee peke yake.

Ambaye hajalala wiki nyingi, au anayetamani kufa kama Eliya, aje kwetu au aende kituo cha afya leo, asingoje Jumapili. Tutamsindikiza.

Kwa selula za Jumatano: Someni aya ya 1 hadi ya 8 polepole. Kila mmoja aseme ni sauti gani inayomwamsha usiku. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Kisha pangeni ni nani atakayelala kwa jirani aliye peke yake wiki hii, na nani atapika uji.