Programu Inapotoka Chuoni: Mwongozo kwa Watafiti na Mafundi wa TEHAMA wa Dodoma

Mwongozo huu unawahusu wahadhiri, wanafunzi wa uzamili na mafundi wa TEHAMA walioandika programu kwa ajili ya utafiti wao, na sasa halmashauri, zahanati, shirika au kikundi cha wakulima kinaiomba. Ombi la namna hiyo ni heshima kubwa. Ni mwanzo pia wa kazi ambayo bajeti nyingi za utafiti hazikuitengea hata senti.

Chuoni, programu ina jirani. Anayekwama anapanda ngazi, anagonga mlango, aliyeiandika anasogeza kiti na kubonyeza panapotakiwa, mambo yanakwenda. Programu ileile ikifika Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, jirani huyo hayupo. Kila ulilokuwa ukilimaliza kwa mdomo pale mlangoni sasa lazima liwemo ndani ya kifurushi chenyewe. Ushauri wote unaofuata unatokana na hilo.

Haki kwanza

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kazi za maandishi. Kwa hiyo programu iliyowekwa mtandaoni bila leseni si mali ya kila mtu. Anayeipakua hana ruhusa ya kuirudufu wala kuibadili, hata kama wewe moyoni ulikusudia iwe ya wote. Nia njema isiyoandikwa haimsaidii afisa wa wilaya anayeulizwa na mkaguzi programu hii ameipata wapi na kwa ruhusa ya nani.

Kabla ya kuchagua leseni, mjue mwenye mali. Msimbo ulioandikwa na mwajiriwa kwa mshahara wa chuo, ule wa mwanafunzi aliyeuandika kwa ajili ya tasnifu yake, na ule wa mtaalamu wa nje aliyelipwa na mfadhili, kila mmoja una habari yake. Soma sera ya miliki bunifu ya chuo chako, soma mkataba wa mfadhili, kisha pata ridhaa ya maandishi ya wote walioshiriki. Saini za wanafunzi zichukuliwe kabla ya mahafali. Wakishavua joho wanatawanyika, mmoja Mwanza, mwingine masomoni nje, na kumtafuta mtu mmoja kwa ajili ya saini moja kunaweza kuchelewesha toleo zima.

Leseni yenyewe usiitunge. Zipo ambazo zimekwisha kutumika kwa miongo kadhaa na wanasheria wanazielewa. Mbili kati ya zinazotumika sana zina majina ya vyuo: BSD, iliyotokana na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na MIT, ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Wenzetu hao walikutana na swali hilihili mapema. Leseni hizo zinamruhusu mtu kutumia, kubadili, hata kuuza, ilimradi asiondoe tamko la hakimiliki la waandishi. Leseni ya GPL inaongeza sharti: anayesambaza toleo alilolibadili atoe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Ikiwa ndani ya programu yako kuna kipande ulichokichukua kwenye kazi yenye GPL, sharti hilo linakufunga na wewe. Pitia vipande vyote ulivyoazima, kimoja kimoja, kabla ya kutangaza chochote.

Faida ya leseni iliyo wazi tunaiona kila mwezi hapa Tanzania. Mfumo wa DHIS2, unaopokea taarifa za huduma za afya (MTUHA) kutoka vituo vya afya, unaendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na mizizi yake iko Afrika Kusini, miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Unatolewa kwa leseni ya BSD, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakauandikia nyongeza zao bila kusubiri barua ya ruhusa kutoka Oslo. AfyaData nayo, programu ya simu ya kufuatilia magonjwa iliyotengenezwa na taasisi ya SACIDS katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ilijengwa juu ya Open Data Kit iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Huko Washington hawakuiandika kwa ajili ya magonjwa ya mifugo ya Tanzania. Walichagua leseni nzuri, na ikatosha.

Programu na mazingira yake

Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa kuwa tumezoea kuijaribu programu kwenye kompyuta yetu wenyewe. Nitaeleza kisa kimoja kwa kirefu.

Tulipeleka programu ya kuandikisha uzazi kwenye kituo kimoja cha afya cha vijijini. Miezi miwili baadaye nilichora grafu ya saa za kujifungua, nikaona jambo la ajabu: hakuna hata mtoto mmoja aliyezaliwa alasiri, jioni wala usiku wa mapema. Nilifunga safari. Muuguzi wa zamu alinifungulia rejesta ya karatasi, akaweka kidole kwenye mstari. “Huyu, mwalimu, alizaliwa saa tatu kasoro robo usiku. Nimeandika mbili na arobaini na tano, kama ilivyo.” Aliandika sahihi kabisa, kwa saa ya Kiswahili. Kompyuta ilikuwa imepokea 02:45, yaani saa nane na dakika arobaini na tano za usiku, saa sita baada ya mtoto kuzaliwa. Kwake siku ina saa kumi na mbili mara mbili, na hakuna mahali popote kwenye fomu yetu tulipomuuliza ni mchana au usiku. Tulirudi kwenye rejesta ukurasa kwa ukurasa kusahihisha, kisha tukaongeza kisanduku cha kuchagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku. Kazi ya kisanduku hicho ilikuwa nusu saa. Kusahihisha kulituchukua siku nne.

Basi kabla ya kutoa toleo la kwanza, mpe programu mtu ambaye hakushiriki kuiandika, akae nayo kwenye kompyuta ya kwao, na wewe usimsaidie kwa neno. Angalia anafanya nini anapopata faili la zip: wengi hulifungua na kuanzisha programu humohumo bila kutoa kwanza yaliyomo, kisha wanaambiwa faili fulani halipo. Angalia tarehe. Kompyuta iliyowekwa kwa mpangilio wa Kimarekani itasoma 5/3 kuwa tarehe 3 Mei, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Zima intaneti, uone kama kazi ya siku inaendelea. Kata umeme katikati ya kuhifadhi, uone kinachobaki. PlantVillage Nuru, programu ya kutambua magonjwa ya muhogo iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, inaweza kumsomea mkulima jani papo hapo shambani bila mtandao, tena kwa Kiswahili. Hicho ndicho kipimo cha kujipima nacho.

Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili, yachapike kwenye karatasi zisizozidi nne, na yawe na picha za skrini. Ujumbe wa makosa nao uwe wa Kiswahili na useme la kufanya.

Taarifa za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake iko hapa Dodoma. Taarifa za afya ni miongoni mwa zile sheria inazoziita nyeti. Kwa msambazaji wa programu za utafiti, hatari kubwa ya kila siku ni data ya mfano. Mtafiti anataka mtumiaji aone programu ikifanya kazi, anaacha ndani yake wagonjwa hamsini wa utafiti wake, na majina yanaenda pamoja na kifurushi hadi kwa watu asiowajua. Tunga majina na namba za kubuni tangu mwanzo. Usidhani kufuta safu ya jina kunatosha: kijiji, umri na tarehe ya kujifungua vikiwekwa pamoja vinamtaja mtu waziwazi katika kata ndogo.

Kama mpokeaji ni taasisi ya umma, kumbuka pia Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Afisa TEHAMA wa halmashauri hawezi kuingiza mfumo mpya ofisini kwa makubaliano ya mdomo na rafiki yake wa chuoni. Kuna miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao anayopaswa kuifuata. Mwandalie maelezo ya mfumo, mahali data inapokaa na jinsi inavyolindwa, ili asiombe kitu ambacho hukuwahi kukiandika.

Kusambaza, na kuacha

Programu iwe na chanzo kimoja rasmi, chini ya jina la chuo, na kila toleo liwe na namba na tarehe inayoonekana kwenye skrini ya kwanza. Watu watairushiana kwa WhatsApp na kwa flashi hata ukiwakataza, kwa sababu bando ni ghali na mtandao hauaminiki. Usipigane nao. Andaa faili dogo linaloweza kusafiri kwa flashi, na kwenye chanzo rasmi uchapishe alama yake ya uhakiki (checksum) ili fundi wa wilaya aweze kujua kwamba alichopokea hakijachezewa. Anayepiga simu kuomba msaada aulizwe kwanza namba ya toleo. Simu hiyo iwe ya ofisi. Namba ya mwanafunzi aliyeandika programu itazimika au mwenyewe atahamia kazi nyingine, na zahanati itabaki inapiga.

Mwisho wa ufadhili utafika. Tangu toleo la kwanza weka kitufe cha kutoa data yote kwenye faili la kawaida ambalo programu yoyote ya majedwali inaweza kulifungua, na ujaribu kukitumia mwenyewe kila unapotoa toleo jipya. Ukijua huduma itakoma lini, iandike tarehe hiyo kwenye skrini ya kwanza miezi sita kabla, pamoja na jina la ofisi itakayopokea maswali hadi siku hiyo, ili muuguzi wa zamu apate muda wa kuhamisha rejesta yake.