Aliyewafungisha Ndoa, Ana Leseni?

Swali: Tulifungishwa ndoa na pandit wa hekalu letu. Sasa ofisi moja imekikataa cheti chetu, ikidai kiongozi wetu hatambuliki. Je, sisi si mume na mke?

Jibu: Kwa Tanzania Bara, jambo hili linaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo haiangalii waumini wenu ni wangapi. Inaangalia kama aliyewafungisha alikuwa na leseni ya kufungisha ndoa, itolewayo na Msajili Mkuu kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Joho halitoshi. Mchungaji wa kanisa la maelfu asiye na leseni hana mamlaka zaidi ya kiongozi wa waumini ishirini.

Lakini msikate tamaa. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa sababu tu mfungishaji hakuwa na mamlaka, isipokuwa kama nyote wawili mlilijua hilo siku ile. Mmoja akijua na mwenzake asijue, ndoa inasimama. Hata kutosajiliwa hakuiondolei uhalali. Hatari ni pale wote wawili mnapojua na kunyamaza: hapo ndoa ni batili, na siku ya mirathi mjane atabishana na mashemeji bila silaha mkononi.

Kwa hiyo, ulizeni kwanza RITA kama pandit wenu ana leseni. Ikionekana hana, nanyi hamkujua, tafuteni mashahidi wa siku ile na muiombe mahakama itamke kwamba ndoa yenu ni halali.

Kwa mnaojiandaa kuoana:

• Ombeni kuiona leseni kabla ya kuchapa kadi za mwaliko. Kuuliza si utovu wa adabu.

• Toeni taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla.

• Muwe na mashahidi wasiopungua wawili, na msiondoke bila cheti kilichotiwa saini.

Kama dini yenu haina mwenye leseni, au haina makasisi kabisa kama ilivyo kwa Wabahai, fungeni ndoa ya kiserikali bomani, kisha mrudi kwa wenzenu kwa sala na pilau. Baraka mtazipata kwa wazee wenu, na cheti mtakuwa nacho tayari.