Somo la Kumi na Moja: Chombo cha Kwendea Dukani

Bukene ni mji mdogo katika wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, kando ya reli ya kwenda Mwanza iliyomalizika mwaka 1928. Kabla ya reli watu wa nchi hii walisafiri kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na maji ya kunywa njiani yalibebwa katika vibuyu. Kibuyu kilipokwisha maji hakikutupwa. Kilijazwa tena penye kisima. Nafaka nayo ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja, na mnunuzi alikinga kikapu chake mwenyewe.

Siku hizo polithini, yaani plastiki ya mifuko, haikuwako. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Hutengenezwa kwa gesi itokanayo na mafuta ya petroli au gesi asilia. Ni nyepesi na haipitishi maji, tena haiozi kama jani la mgomba au gunia la katani, kwa kuwa vijidudu vya udongoni haviwezi kuila upesi. Sifa hizo hizo zinazoifanya ipendwe dukani ndizo zinazoifanya iwe taka mbaya. Ng'ombe akiokota mfuko uliokuwa na chumvi, huumeza. Mfuko hausagiki, bali hubaki katika tumbo lake la kwanza. Ukifuatwa na mingine, mnyama hukonda huku tumbo limejaa, na huenda mfugaji asijue sababu mpaka siku ya kumpasua.

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hata hivyo chupa za mafuta ya kula na vifungashio vingi vya kiwandani viliendelea kuruhusiwa. Taka za namna hiyo tunaweza kuzipunguza kwa desturi ya zamani: kwenda dukani na chombo chetu, tukapimiwa mafuta, asali au sabuni ya maji. Kulisema jambo hilo ni rahisi. Kulifanya bila kudhurika, na bila kupunjwa, kwahitaji sayansi kidogo.

Swali la kwanza si kama chombo ni safi. Ni hili: kilikuwa na nini? Katika nchi ya wakulima wa pamba kuna madumu yaliyoletwa na dawa ya kuulia wadudu. Dumu la namna hiyo huweza kuonekana jipya, lisiwe na harufu yoyote, na hali bado lina sumu. Plastiki hunywa kiasi kidogo cha dawa, nayo hurudi polepole katika kitu kitakachotiwa baadaye. Sabuni haiwezi kuitoa, wala mchanga, wala maji ya moto. Kwa hiyo dumu la dawa halifai kamwe kutiwa chakula au maji ya kunywa. Husuuzwa mara tatu, maji ya kusuuzia yakitiwa katika bomba la kupulizia dawa shambani, kisha hutobolewa ili mtu mwingine asije akalitumia. Ukiwa na shaka juu ya chombo, kiache.

Chombo kikavu nacho kina maana yake. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo matone yaliyosalia katika chupa hukaa chini ya mafuta, nayo yakifika katika kikaango cha moto hugeuka mvuke ghafula na kurusha mafuta yanayounguza. Kwa asali hatari ni nyingine. Asali haichachi kwa sababu ina maji machache mno. Ikiongezewa maji, hamira huanza kukua ndani yake. Wazee wa Tabora wanalijua jambo hili vema, maana ndivyo wanzuki inavyotengenezwa. Lakini wewe ulitumwa asali.

Sasa tuje kwenye mizani.

Jaribio. Chukua chupa ya kioo iliyo tupu na kavu. Ipime. Tuseme uzito wake ni gramu 350. Ijaze maji, uipime tena. Tuseme sasa ni gramu 850. Maji peke yake yana gramu 500, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, chupa yako inachukua nusu lita. Umejua ujazo wake bila kutumia kopo la kupimia.

Ipeleke chupa hiyo kwa muuza asali. Nusu lita ya asali ina uzito wa gramu 700 hivi, kwa hiyo chupa iliyojaa itakuwa na gramu 1,050. Muuzaji akisahau kutoa uzito wa chupa, utalipia gramu 350 za kioo kwa bei ya asali! Kwa hiyo chupa ipimwe tupu mbele yako, kabla ya kujazwa, na uzito wake uandikwe. Mfanyabiashara mwaminifu hachukii kuombwa hivyo. Kumbuka pia kwamba kilo si lita. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu 920 hivi, basi kilo moja ya mafuta haienei katika chupa ya lita moja.

Maswali

1. Dumu tupu lina uzito wa gramu 200. Likitiwa mafuta ya kula, mizani huonyesha gramu 1,120. Mafuta yana uzito gani? Ni kama lita ngapi?

2. Muuzaji mmoja anauza asali kwa kilo, na mwenzake anauza kwa lita, kwa bei ileile. Wewe utanunua kwa nani? Eleza sababu.

3. Hesabu vyombo vyote vya plastiki vilivyo jikoni kwenu. Waulize wazazi kila kimoja kilikuwa na nini kilipoingia nyumbani. Je, kipo ambacho hakuna anayekumbuka?