Usianze na Seti, Anza na Mstari

SWALI

Mzee, nina miaka 24, nimemaliza stashahada ya ujenzi na nimeajiriwa na mkandarasi mdogo hapa Tanga. Chuoni kuchora kwa mkono tulikugusa muhula mmoja tu, tena watu watano kwa rula moja ya T. Yaliyobaki yote yalikuwa kompyuta. Juzi fundi mkuu aliniambia saiti, "Hebu nichoree ngazi itakavyokaa hapa," mkono ukagoma. Nimeamua kujifunza upya jioni nikitoka kazini. Kuna mtu anauza seti kamili: ubao, kalamu za wino, bikari za kila aina na vibao vya kuchorea herufi. Anataka nusu ya mshahara wangu. Wenzangu wananicheka, wanasema najifunza kazi ya marehemu. Je, ninunue? Na nianzie wapi?

Mkono Mzito, Tanga

JIBU

Mwanangu, hiyo seti iache hukohuko iliko. Kalamu za wino zikilala muda mrefu bila kuoshwa, wino hugandia ndani, na kuzizibua ni kazi ya siku nzima. Bikari za kila aina utatumia moja, na herufi utaandika kwa mkono, ndiyo shule yenyewe.

Unachohitaji ni kichache. Ubao: mwombe seremala akukatie plaiwudi nzuri, sentimita 65 kwa 47, upande wa kushoto uwe umenyooka kabisa, kwa kuwa ndipo kichwa cha rula ya T kitakapotembea. (Ukiwa wa mkono wa kushoto, geuza.) Kisha rula ya T yenyewe, skwea mbili, ya digrii 45 na ya 30 kwa 60, rula ya skeli, bikari moja imara, kifutio, na tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi. Skwea hizo mbili ukizipanga pamoja zinakupa kila pembe inayogawanyika kwa 15, kwa hiyo kipimapembe hutakitafuta mara nyingi.

Kabla hujalipa, pima ukweli wa kifaa hapohapo dukani. Kalisha skwea juu ya rula ya T, chora mstari wa wima. Igeuze skwea kifudifudi, chora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, nunua. Ikiachana kama makasi, rudisha, maana kila milimita ya upogo umeiona mara mbili. Rula ya T itikise kichwa, kikicheza, iache. Nikiwa mwanagenzi nilichora paa zima kwa rula iliyolegea skrubu. Mkubwa wangu aliweka skwea juu ya karatasi, akatazama, hakusema neno. Alinipa bisibisi na karatasi mpya.

Penseli chukua mbili: 2H ya mistari ya kutafutia, na HB ya mistari ya mwisho na maandishi. Ile tunayoiita risasi ni grafaiti iliyochanganywa na udongo, ujuzi ambao Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliupatia hataza mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu; hiyo ndiyo H. Chonga mti kwa wembe mpaka risasi itokeze kama milimita 8, kisha izungushe juu ya msasa laini hadi ichongoke. Unapochora, vuta penseli, usiisukume, huku ukiizungusha taratibu vidoleni ili ncha iliwe sawasawa. Na kwa joto la huko Tanga, tandika karatasi safi chini ya kiganja, la sivyo jasho litapaka masizi kazi yako yote.

Wiki ya kwanza chora mistari tu. Mlalo kwa rula ya T, wima kwa skwea iliyokaa juu yake. Usiwahi kuihamishia rula ya T ukingo wa chini wa ubao ili uchore wima. Kona ya ubao haina ahadi ya digrii 90.

Wiki ya pili, chora ile ngazi iliyokushinda. Tuseme kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3, vipandio 18, na kila mahali pa kukanyaga ni sentimita 28. Kipandio cha mwisho ni sakafu ya juu yenyewe, kwa hiyo pa kukanyagia ni 17, na ngazi inakula mita 4.76 za urefu. Sasa, karatasi ya A3 ina milimita 420 kwa 297. Kwa skeli ya 1:10 ngazi inataka milimita 476: haiingii. Kwa 1:50 inaingia, lakini kila kipandio kina kimo cha milimita tatu na kidogo. Vipimo utaandika wapi? Kwa 1:20 inakuwa milimita 238 kwa 150, inakaa vizuri na nafasi ya maandishi inabaki. Hapo umeshaamua kabla ya kugusa penseli. Kompyuta inakuruhusu kuchora kwanza na kuulizia skeli wakati wa kuchapa. Karatasi haina subira hiyo, na kwa sababu hiyo ninakusifu badala ya kukucheka.

Tatizo linakuja: milimita 150 kugawa kwa 18 ni 8.33, na rula haina alama hiyo. Usichukue kikokotoo. Chora mistari miwili ya mlalo, wa sakafu ya chini na wa juu. Laza rula mshazari, sifuri iguse mstari wa chini na sentimita 18 iguse wa juu. Weka nukta kwenye kila sentimita, ondoa rula, kisha pitisha mstari wa mlalo katika kila nukta kwa rula ya T. Vimo 18 vinakuwa sawa sawia, bila desimali hata moja.

Wenzako waambie kompyuta hujaiacha, na usiiache. Mshahara wako unatoka humo. Lakini zoezi hili lirudie mpaka usilifikirie, halafu urudi kwa fundi mkuu. Ukutani, weka alama ya sakafu ya chini na ya juu. Mwambie ashike sifuri ya tepu ya kupimia kwenye alama ya chini, wewe ilaze mshazari mpaka mita 3.60 iguse usawa wa alama ya juu. Weka alama kila sentimita 20, kisha hamisheni kila alama kwa pima maji. Ndiyo rula yako ya mezani, imekua tu. Ngazi yake itakuwa imechorwa palepale itakapojengwa, na hutakuwa umefungua kompyuta wala mkebe wa vifaa.